Tango au Tikiti: Ngoné ampakia rangi chumba mke mwenzake

Saa kumi na moja jioni, jua la Kaolack likiwa halina habari ya kuondoka, Ngoné Sène amechutama mbele ya ukuta mtupu. Anapaka mabaka mawili ya kijani mpauko, moja kando ya jingine, kila moja kiasi cha sahani ya kulia. Anarudi nyuma mpaka mlangoni. Anafumba jicho moja. Anasogea tena, anashika kiuno, anasonya.

Kwa mtu mwingine yeyote ile ni rangi moja. Mwandishi wa makala haya aliyakodolea macho mabaka yale mpaka yakaanza kucheza, asione tofauti.

"Huoni kwa sababu huna haja ya kuona," anasema Ngoné. "Mimi haja ninayo."

Haja yenyewe ni hii. Chumba kile si cha mteja. Mumewe, Latyr Faye, fundi wa majokofu mwenye kibanda nyuma ya soko, anaongeza mke wa pili Idi ikipita, na chumba ni cha huyo bibi harusi. Bi mkubwa ndiye fundi rangi anayesifika kuliko wote mtaani Léona, kwa hiyo nyumba nzima iliona ni upuuzi kumtafuta mwingine.

"Aliniambia kwa adabu zote, sitamsingizia," anasema Ngoné. "'Mama Tening, chumba chake kiwe kama chako. Kijani kile kile, mkono ule ule. Sitaki kesho Mungu aniulize.' Sasa mwanamume akishamleta Mungu katikati, wewe utapita wapi?"

Ngoné ana miaka arobaini na mitatu, mabega ya mtu aliyebeba ngazi tangu usichana, na vidole ambavyo hata siku ya sikukuu havikosi doa. Kazi aliirithi kwa baba yake. Mzee alikuwa na wana watatu wa kiume na wote waliona kushika brashi ni kujishusha. Binti ndiye aliyemfuata. Mwanzoni wanaume wa mtaa walikuwa wakija kumtazama juu ya ngazi kama watu wanaotazama mbuzi aliyepanda paa.

Siku hizi hawaji kutazama, wanakuja kubembeleza foleni. Chumba kimoja hutoza faranga elfu ishirini, rangi juu ya mwenye nyumba, na kiangazi chote hapumziki. Mvua zikianza ndipo sufuria zinaponuna, kwa sababu Kaolack imekaa juu ya chumvi. Chumvi inapanda ukutani na maji, inaisukuma rangi kwa nje mpaka inajikunja kama ngozi ya samaki kwenye mafuta.

"Ukuta wa hapa una tumbo dogo," huwaambia wateja. "Ulishe rangi mara mbili kabla ya mvua, basi, ungoje mvua zipite ukauke. Ya tatu utaitapika mbele ya wageni."

Kuna mfanyabiashara mmoja wa njugu aliyebisha. Alitaka sebule ibadilishwe mara ya tatu kwa ajili ya siku ya kumpa jina mjukuu wake. Wageni wakiwa wamekaa kwenye wali wa samaki, kipande cha ukuta kilishuka kikatua katikati ya sinia. Tangu hapo neno la Ngoné kuhusu ukuta halijadiliwi Kaolack nzima.

Turudi kwenye mabaka. La kushoto analiita Tango, maana ni kijani cha ndani ya tango, pale karibu na mbegu. La kulia analiita Tikiti: ule weupe wa kijani ulio kati ya ganda la tikiti na nyama yake nyekundu. Yote mawili ni rangi nyeupe iliyotiwa kijani kidogo. Tango limeongezewa manjano, ncha ya kijiko tu. Tikiti limeongezewa buluu, ncha ile ile. Mchana ni mapacha. Tofauti inatoka taa ikiwashwa.

"Tango linakupa uso," anasema Ngoné. "Tikiti linakunyang'anya."

Hilo alijifunza kwa kosa. Zamani aliipaka saluni moja rangi ya Tikiti bila kufikiria. Wanawake waliingia wakiwa wazima, wakasukwa mpaka jioni, wakajitazama kwenye kioo chini ya taa wakajiona kama wametoka matangani. Hawakurudi. Mwenye saluni alimaliza waganga, akazika hirizi chini ya kizingiti. Ndipo Ngoné akapita jioni moja, akasimama mlangoni, akamjua mchawi. Aliipaka upya bila malipo, na hakumwambia mtu.

Chumba chake mwenyewe ni Tango. Alikipaka wiki aliyoolewa, miaka kumi na tisa iliyopita, akichanganya mpaka akapata rangi inayoufanya uso wake uwe kama umetoka kupakwa siagi ya shea. Kila rangi ikichakaa hukirudia kwa Tango lile lile, na hajampakia mteja yeyote, hata wale waliomwomba kwa kumwongezea pesa.

Kwa hiyo uchaguzi wenyewe ndio huo, na ungekuwa mwepesi kama moyo ungekuwa mbao. Akipaka Tango, amempa mwenziwe uso wake. Akipaka Tikiti, mume ataona kijani kile kile, mama mkwe ataona kijani kile kile, na kila jioni bibi harusi atakuwa na sura ya mgonjwa bila yeyote kujua kwa nini.

"Na haki nitakuwa nimeitimiza," anasema Ngoné. "Kijani kwa kijani." Hacheki.

Aliulizwa kama ana wivu. Kwanza aliosha brashi, akaikamua, akaitundika.

"Watu wanataka niseme sina. 'Ah, Ngoné, wewe mwanamke wa kazi yako, una watoto wakubwa, wivu wa nini?' Ninao, mdogo wangu. Umekaa hapa kooni kama mfupa wa samaki. Nikimeza unachoma, nikinyamaza unachoma. Usiku nalala nikiwa nao na asubuhi tunaamka pamoja."

Bibi harusi anaitwa Dibor Ngom. Ana miaka ishirini na minane na anauza barafu na juisi ya rozela kwenye stendi ya malori. Ngoné hamtaji jina. Anamwita "yule wa friji," kwa sababu friji ndiyo iliyowakutanisha.

"Friji yake iliharibika mara nne ndani ya kiangazi kimoja," anasema. "Mara nne. Hata punda mzee hawi na maradhi hivyo. Mara ya kwanza Latyr alirudi na harufu ya gesi, nikasema sawa, kazi. Mara ya pili akarudi na mfuko wa rozela. Mara ya nne alinyoa ndevu kabla ya kwenda. Niambie, nani ananyoa ndevu kwa ajili ya friji?"

Siku ya pili yake anakwenda kwa Demba Kane, muuza rangi. Kane ni Mpulaar na Ngoné ni Mserer, na watani hao hawajawahi kuuziana kitu bila matusi.

"Mtumwa wangu umefika," anasema Kane bila kuinuka, birika la chai mkononi. "Umeniletea uwele?"

"Nimekuja kuwahesabu ng'ombe wa babu yangu uliokimbia nao," anajibu Ngoné. "Hebu pisha kiti, mwenye mali akae."

Anataka ndoo ya nyeupe, kijani, na kichupa kimoja cha buluu. Kane anashusha birika.

"Buluu? Chumba chako si kila mara kinachukua manjano?"

"Umeanza lini kuingia chumbani kwangu?"

Wanaume waliokuwa wakingoja chai wanaangua kicheko, na Kane anajifanya kutafuta chenji. Lakini Ngoné alipokwisha kuondoka na ndoo kichwani, Kane alimgeukia mwandishi akatikisa kichwa. "Mserer asipobishana bei," alisema, "ujue kuna mtu atalia."

Ngoné alipaka Tikiti. Alipaka kwa ustadi wake wote, pembe zimenyooka kama zimechorwa kwa rula, dari haina tone. Latyr aliingia mchana, akazunguka mikono nyuma, akasema, "Kama chako hasa." Mama mkwe, Mama Siga, aliingia na fimbo yake, akaugusa ukuta, akasema, "Kama chako hasa, mwanangu." Ngoné aliinama akaokota makopo yake.

Kilichofuata alikisimulia mwenyewe siku chache baadaye, uani, akimenya vitunguu vya chakula cha jioni. Aliulizwa kama kweli anataka yaandikwe gazetini.

"Andika tu. Hicho Kiswahili chenu hapa anakijua nani zaidi yako? Latyr hata likimfikia hilo gazeti atafungia bomba la friji."

Kwa hiyo yanaandikwa.

Jioni ile, baada ya sala ya magharibi, aliingia chumbani mwa bibi harusi kuijaribu kazi yake. Meza ya kioo ilikuwa imekwisha kuletwa, bado ina nailoni. Aliwasha taa. Akakaa mbele ya kioo ili aone atakachokiona mwenzake.

"Nilijiona," anasema. "Macho yameingia ndani, midomo imepauka, shavu kama majivu ya juzi. Nikafurahi. Mungu anisamehe, nilifurahi mpaka nikacheka peke yangu. Nikasema, mpenzi wa barafu, karibu kwako."

Hakusikia mlango. Latyr alikuwa amekuja kufunga feni, ngazi begani. Aliingia akamwona mkewe kwenye kioo kile, chini ya taa ile, akaiweka ngazi chini.

"Mama Tening, unaumwa?"

"Siumwi."

"Hebu nione." Akaja akamgusa paji la uso kwa nyuma ya kiganja, vile anavyogusa friji kusikiliza kama inapoza. Akamgeuza uso kwenye taa. "Umeisha namna hii tangu lini? Na mimi niko hapa hapa, sioni?"

Feni haikufungwa siku hiyo. Latyr alimshika mkono, akamtoa nje kama yai, akamkalisha mkekani. Akaenda mwenyewe kwa mchoma nyama akarudi na maini, akayakata vipande, akamlisha. Aliuliza kuhusu magoti yake. Aliuliza kuhusu kifua, na vumbi la msasa, na kama ngazi haijawa nzito. Mambo ambayo, kwa hesabu ya Ngoné, hakuwahi kuyauliza tangu mtoto wao Tening aanze kutembea.

"Nilikula maini yale na machozi yakinitoka," anasema. "Yeye akadhani ni ugonjwa. Akazidi kunibembeleza."

Kisu chake kinasimama kwenye kitunguu.

"Halafu nikalala, usingizi ukakataa, nikaanza kufikiri. Latyr ni fundi. Kitu kizima hakioni. Friji inayofanya kazi anaipita kama ukuta. Ikikohoa tu, anapiga magoti. Mimi miaka kumi na tisa nimekuwa friji nzima. Napoza, sisumbui, taa yangu inawaka. Yule yake imeharibika mara nne, na ona amefika wapi." Anaondoa ganda la kitunguu. "Na mimi mjinga, kwa mikono yangu, nimempakia chumba cha kumfanya aonekane mgonjwa kila jioni ya Mungu."

Asubuhi yake alikuwa dukani kwa Kane kabla maduka mengine hayajafunguliwa, na alitaka manjano.

Latyr alishangaa kumkuta akipaka tena. "Mbona unarudia? Kilikuwa kizuri."

"Hakikukaa sawa," alimjibu kutoka juu ya ngazi. "Nataka kiwe kama changu hasa."

Habari zilitembea mtaani upesi kuliko maji ya bomba. Ngoné Sène kapaka chumba cha mke mwenza mara mbili ili haki itimie. Mama Siga alimwita mbele ya majirani, akamwekea mkono kichwani na kumwombea dua ndefu. "Wanawake wa siku hizi wangetia sumu," alisema bikizee yule. "Huyu katia rangi yake." Ngoné aliitikia amina, na kwa jinsi taya zake zilivyokaa mtu angedhani anatafuna msumari.

Aliyekasirika ni Marème, rafiki yake wa tangu ujana, ambaye ndiye aliyekuwa akitunga mipasho ya siku ya kuletwa bibi harusi. Kaolack bibi harusi hapokewi na bi mkubwa kwa maua. Anapokewa na wenzi wa bi mkubwa kwa nyimbo za kumchoma, na yeye anakuja na wenzi wake wa kujibu, na hakuna anayeruhusiwa kununa.

"Sisi tunanoa ndimi, wewe unampakia uso?" Marème alimuuliza.

"Noeni tu," alisema Ngoné. "Nina sababu zangu."

Siku ilipofika, ua ulijaa vitenge na mabati ya kupigia. Dibor aliingia amefunikwa kitambaa, na upande wa Marème haukumpa hata nafasi ya kuvua viatu:

*Friji gani hii, jamani, kila wiki yaumwa?*
*Barafu haigandi ndani mpaka fundi alazwe!*

Ua ulilipuka. Mama Siga mwenyewe alijifunika mdomo kwa ushungi. Lakini wenzi wa Dibor ni wanawake wa stendi ya malori, na hao hawakuzaliwa kunyamaza:

*Mwasema friji ni mbovu, mbona fundi hatoki?*
*Aliyezoea mtungi, ya baridi yamshtua!*

Hilo lilimpata. Ngoné alicheka kama desturi inavyotaka, meno yote nje, na macho hayakushiriki. Jioni wakamwingiza Dibor chumbani, taa ikawashwa, wakamfunua. Wanawake wote waliokuwa mlangoni wakavuta pumzi. Dibor alikuwa anang'aa. Uso wake ulikuwa kama umetoka kupakwa siagi ya shea.

"Nilikuwa nyuma yao nimeshika sinia la kuskusi," anakumbuka Ngoné. "Ule ulikuwa uso wangu. Wangu wa miaka kumi na tisa nyuma. Niliutengeneza mimi, nikaona umekaa juu ya shingo ya mtu mwingine. Sikiliza, nilijua ninachofanya, na bado nilitamani kummwagia lile kuskusi kichwani."

Hakummwagia. Alimwekea, akamwambia karibu mdogo wangu, kula. Na wiki ile ile, zamu ya Latyr ikiwa upande wa pili, alihamisha kitanda chake katikati ya chumba, akafunika kabati, akapaka kuta zake Tikiti. Tango alilolilinda miaka yote akalifunika mwenyewe, mkono wa kwanza na wa pili. Alipoulizwa alisema chumba kilikuwa kimechakaa. Hakuna aliyeona tofauti.

Je, dawa ilifanya kazi? Mwandishi alirejea katikati ya Mei, joto likiwa la kukaangia yai, akamkuta Ngoné kwenye kigoda nje ya mlango wake, amenenepa. Kando yake kulikuwa na kikaratasi cha mchoma nyama.

"Maini," anasema kwa sauti ya mtu aliyechoshwa na neema. "Kila zamu yangu, maini. Amenikataza ndoo nzito. Amenunua ngazi ya bati kwa sababu ya mbao ilikuwa inaniua, ati. Juzi alilala ameshika mkono wangu kama mtu anayepima mapigo. Mimi nakaa chini ya taa yangu na kuhema kidogo."

Kisha akasema jambo jingine, akitazama pembeni. "Kuna siku nasahau. Napita kwenye kioo nashtuka, nafikiri ni mama yangu. Mtu auze uso wake ili atazamwe, hiyo nayo ni bei. Lakini natazamwa."

Ni wakati huo Dibor alipovuka ua, kanga ya kazini kiunoni, mikono bado myekundu kwa rozela. Alimsalimu mgeni, akamuuliza habari za nyumbani, za watoto, za joto, kama inavyotakiwa. Kisha akamgeukia mke mwenzake.

"Dada, naomba unipakie chumba upya."

"Kina nini?"

"Hakina kitu. Nataka kijani kama chako."

"Si ni kama changu?" anasema Ngoné. "Muulize Latyr. Muulize Mama Siga."

"Latyr anaona nini, dada? Latyr haoni mpaka kitu kitoe moshi." Dibor aliingia chumbani mwa Ngoné bila kukaribishwa, akabonyeza swichi, akasimama katikati. Uso wake mzuri ulizimika pale pale. Akanyoosha kidole ukutani. "Hiki. Hiki si changu. Changu kina joto, hiki kina baridi. Mimi nauza barafu, baridi naijua."

Ngoné alimtazama mwenzake kutoka kigodani. Katika miaka yote ya brashi, baba yake tu ndiye aliyewahi kuziona rangi hizo mbili akazitofautisha bila kuambiwa. Mume hakuona, mama mkwe hakuona, Kane aliona kichupa tu. Aliyeona ni huyu.

"Umejuaje?" aliuliza mwishowe, na sauti yake ilikuwa ya fundi zaidi kuliko ya bi mkubwa.

"Nimejua kwa sababu silali," alisema Dibor. Hapo ile adabu ya salamu ikamwishia. "Anakuja zamu yangu, anakaa kitandani kwangu, anaanza. Ngoné amekonda. Ngoné hapumui vizuri. Ngoné ale nini, Ngoné apelekwe wapi. Nimejipamba, nimefukiza udi, ananitazama anasema, 'Wewe alhamdulillahi mzima.' Halafu anageuka upande wa ukuta ananihadithia Ngoné. Nikasema lazima kuna kitu huko. Nikawa nachungulia taa ikiwashwa. Dada, mimi nami ni mke. Haki ni haki. Nipe na mimi ugonjwa."

Jikoni friji ya familia ilikuwa ikinguruma, nzima kabisa. Ngoné aliinamisha kichwa akawa anaokota kitu kisichokuwepo kwenye kanga yake. Mwandishi alikuwa karibu na aliona: mwanamke yule alikuwa anauma mdomo wa ndani ili tabasamu lisitoke.

"Anageuka upande wa ukuta?" aliuliza taratibu.

"Ukutani kabisa."

"Kila zamu?"

"Dada, usinitese."

Ngoné aliinuka. Alimwendea mwenzake, akamshika bega kwa upole wa kweli, upole ambao mtu huwa nao akishashiba. Walivuka ua pamoja mpaka chumba cha pili. Ngoné akawasha taa, akaupapasa ukuta wa Dibor kwa kiganja, akaugonga kwa kifundo cha kidole, akautegea sikio.

Aliulizwa baadaye ana mipango gani, maana wasomaji wa makala kama hizi hupenda kujua. Ana mipango. Kuna shule inataka madarasa yapakwe likizo ikianza, na kazi ile ni ya watu wawili. "Yule ana jicho," anakiri, na neno lilimtoka kama jino. "Jicho kama lile halisomeshwi. Nikimfundisha brashi atakuwa amenichukulia mume na kazi. Lakini kumwona mtu mwenye jicho akiuza barafu, nako kunaniuma. Nitaona."

Na kuhusu chumba, jibu alimpa Dibor pale pale, mkono ukiwa bado ukutani.

"Nitakupakia, mdogo wangu. Kijani kile kile, mkono ule ule, sitaki Mungu aniulize. Ila ukuta huu nimeshaulisha mara mbili msimu huu, na ya tatu utaitapika. Ngoja mvua zipite, chumvi ikauke."

Dibor alichungulia nje mlangoni, akatazama juu. Mbingu ya Kaolack ilikuwa nyeupe, kavu, haina hata wingu la kuombea.

"Dada," alisema, "mvua zenyewe hazijaanza."

"Ndiyo," alisema Ngoné, akazima taa. "Zitaanza."